Posa Iliyopotea San Onofre

Don Eleuterio Quintanar, fundi saa mstaafu wa mtaa wa San Onofre, mjini Puebla, hajawahi kumwambia mpita njia kwamba hajui. Ukimuuliza hospitali ilipo, atakuelekeza. Ukimuuliza kwa shemeji yako ambaye hajapata kumsikia, atakuelekeza vilevile, tena kwa mikono miwili, na atakutajia kona, duka la mkate na rangi ya geti. Kumwacha mgeni aondoke bila jibu, kwake, ni utovu wa adabu. Kumpoteza si neno. Wala tusimwonee peke yake, maana San Onofre nzima ndivyo ilivyo: mtaa una vichochoro kumi na vinne, na kila mkazi anavijua vyote ishirini.

Jumapili hiyo alikuwa kituo cha mabasi tangu saa tatu asubuhi, shati limepigwa pasi mpaka linang'aa, akimngoja Maclovia Arizmendi. Walikulia kichochoro kimoja, na hawakuwa wameonana kwa miaka arobaini na mmoja. Maclovia alikuwa amefundisha hesabu huko Toluca mpaka akastaafu, hakuolewa. Sasa alitaka kurudi nyumbani. Eleuterio alikuwa amemtafutia chumba cha ghorofani kinachotazamana na dirisha lake mwenyewe, kwa bahati tu, kama alivyomwambia kwenye simu. Wangetembea mtaani polepole, Maclovia akione chumba, na kabla ya basi la saa kumi na moja jioni angetoa jibu, ndiyo au hapana. Kapera huyu wa miaka sitini na sita aliitaka hiyo ndiyo kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote.

Kilichomtia wasiwasi ni jambo moja. Mwaka 1983, mhandisi kijana aitwaye Olegario Bustos alikuja San Onofre kumposa Maclovia. Walikuwa wakiandikiana barua na kuonana kwa siri mjini, kwa kuwa baba wa binti alikuwa mkali, na Olegario hakuwa amefika nyumbani kwao hata mara moja. Alikuja na wazazi wake, maua, chupa mbili na kikapu cha mkate mtamu, akamkuta Eleuterio kwenye benchi mbele ya kanisa, akamuuliza: kwa Arizmendi ni wapi? Basi, baba yake Maclovia alitengeneza mishumaa, na mtaa mzima uliwaita watu wa Mishumaa. Jina la Arizmendi lilikaa kwenye vyeti tu, na Eleuterio hakuwahi kulisikia. Lakini aliona maua, akaona kikapu, akajua hii ni posa. Na kwa wakati ule mabinti wasioolewa walikuwa wamejaa kwa mzee Zenteno, saba kwa idadi. Akanyoosha mkono.

Mzee Zenteno alifungua mlango wa buluu, akaona kikapu, akawakaribisha ndani. Haulizwi mgeni aliyebeba mkate amefuata nini. Na wageni waliokwisha kuketishwa, wakamiminiwa chokoleti, wakaitiwa mabinti saba waliochana nywele harakaharaka, hawawezi kuinuka na kusema samahani, tumekosea nyumba. Saa ya kwanza waliona aibu. Saa ya pili waliona aibu zaidi. Kufika saa ya tatu, wazee walikuwa wameshapatana tarehe. Olegario akamwoa Herminia, wa nne kwa kuzaliwa, kwa kuwa ndiye aliyekuwa amekaa karibu na kikapu.

Maclovia alingoja dirishani na gauni jipya mpaka giza likaingia. Kisha akasikia kwamba Olegario ameposa kwa Zenteno, na wiki hiyohiyo akaenda Toluca, akiamini kwamba amechezewa. Eleuterio aliupata ukweli asubuhi iliyofuata posa, akaumeza.

Sasa alimpitisha Maclovia kwenye vichochoro vya mawe, kimoja baada ya kingine, huku akizungumza mfululizo ili kusipatikane nafasi ya maswali.

"Hapa si palikuwa duka la majeneza?" Maclovia aliuliza.

"Sasa ni mkahawa. Wanauza kahawa ya maziwa ya mlozi."

"Na majeneza?"

"Walibakiza moja. Ndiyo kaunta."

Vijana wawili wenye mabegi mgongoni wakawasimamisha, wakauliza makumbusho ya kengele. Eleuterio akanyoosha mkono: moja kwa moja, kushoto kwenye kinyozi, geti la kijani. Wakashukuru, wakaenda zao.

"Telo," Maclovia alimwita kwa jina lake la utotoni, "mtaa huu una makumbusho?"

"Hauna."

"Si ungewaambia hujui, bwana wewe!"

"Wametoka mbali, Maclovia. Niwavunje moyo?"

Maclovia alicheka mpaka akashika ukuta. Eleuterio akacheka naye, lakini kicheko chake hakikufika mbali.

Kwenye chumba, Maclovia alifungua madirisha yote, akajaribu bomba, akasimama barazani akitazama mapaa na mnara wa kanisa. "Hapa mtu anaweza kuzeeka bila kusumbuliwa," alisema. "Nitakujibu jioni, ila usikonde." Eleuterio alishuka ngazi kama mtu wa miaka thelathini.

Kisha Maclovia akataka kupita mbele ya mlango wa buluu wa Zenteno.

"Huko wanachimba mabomba," alisema Eleuterio.

"Watachimba nikiwatazama."

Hakukuwa na mabomba. Alikuwepo Olegario, mgane sasa, aliyebaki kuishi kwa wakwe zake, kwenye kiti chake mlangoni. Yeye na Eleuterio walikuwa wamesalimiana kila siku kwa miaka arobaini na mmoja bila kuligusa jambo lile hata kwa kidole. Alimtambua Maclovia, akavua kofia.

"Karibuni, karibuni. Nyumba hii ni yenu."

Waliketishwa sebuleni, chini ya picha ya harusi. Maclovia hakungoja kuulizwa habari za safari.

"Injinia, nina swali moja tu. Mbona ulinidharau?"

"Sikukudharau, Maclovia. Niliuliza njia, nikaelekezwa hapa."

"Na nani?"

Olegario alimtazama Eleuterio, halafu akatazama sakafu. "Kijana mmoja tu," alisema kwa upole. "Sura yake imenitoka."

Eleuterio akashusha pumzi.

"Haya. Na ulipoona kwamba nyumba siyo?"

"Walikuwa wameshamimina chokoleti."

"Chokoleti."

"Ya moto."

"Kwa hiyo ukaoa."

"Isingependeza kukataa, Maclovia. Walikuwa wameita na majirani."

Maclovia aliangua kicheko, akacheka peke yake, na kilipokoma macho yake yalikuwa yamelowa. Akageuka kumtazama Eleuterio, ambaye alikuwa akikagua ukingo wa kofia yake.

"Telo. Ni wewe."

"Maclovia, mimi nilidhani... Jina lenu sikulijua. Naapa."

"Najua. Kunyoosha mkono nimekusamehe. Asubuhi umenyoosha tena mbele yangu, nikacheka mwenyewe. Hata huyu nitamsamehe, alikuwa na mama yake ubavuni na kikombe mkononi. Lakini kesho yake mtaa mzima ulijua ameposa kwa Zenteno, nawe ukajua umefanya nini. Kwetu kulikuwa hatua thelathini kutoka kwenu. Ulikuja ukaniona nafunga sanduku nalia, ukalibeba mpaka kituoni. Njia nzima hukusema neno. Wewe nani alikushika mdomo?"

Eleuterio alirudia kuukagua ukingo wa kofia yake. Aliona haya mpaka masikio yakawaka.

Maclovia akachukua mkoba wake. "Kile chumba mwambie mwenyewe ampangishe mtu mwingine," alisema, akatoka.

Eleuterio aliinuka nyuma yake. Kutoka mlangoni alimwona akikata kona ya kanisa bila kumuuliza mtu. Basi lilikuwa na saa nzima bado, na mpaka kituoni ni mwendo wa robo saa, hata kwa magoti mabovu. Maneno nayo yalikuwa yameanza kumjia, mengi, ya kweli, yale aliyopaswa kuyasema juu ya lile sanduku. Aliona kabisa kwamba akienda sasa hivi atamkuta.

"Don Eleuterio!" Olegario alikuwa ametokea jikoni, birika mkononi, uso umejaa ukarimu. "Ndiyo unaondoka hivihivi? Hujaonja hata kahawa yangu. Keti, tafadhali. Nitaona vibaya."

Eleuterio alitazama barabara, akamtazama mwenyeji wake.

"Basi nusu kikombe," alisema, akaketi.