Mama Foronya Alala Kitanda cha Wageni

Mtu akikwambia kupumzika ni kazi rahisi, muulize Mama Foronya. Miaka nenda rudi ametandika vitanda katika hoteli ya kifahari iliyozungukwa na mashamba ya mpunga, mpaka jina lake la kuzaliwa likasahaulika. Mwaka huu walimtunuku kama mfanyakazi bora: alale hapo na mumewe, kama mgeni.

Mume hakuona taabu. Asubuhi alikuwa bwawani, akielea kama boga. Mama Foronya alibaki chumbani, roho juu. Zamu ya kusafisha upande ule ilikuwa ya wifi yake, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi, na bado alikuwa kwenye majaribio. Atamwachaje wifi amwokotee taulo? Basi akatandika kitanda, akasugua bafu, akafuta hata nyayo za mumewe zenye tope la mpungani. Kisha akaketi, akajipongeza.

Kumbe msimamizi alikuwa amepanga kumpima wifi kwa chumba hichohicho. Aliingia naye, akatazama zile kona kali za shuka, ambazo hoteli nzima ni mtu mmoja tu anayezikunja.

"Hii kazi ya nani?"

Mama Foronya akainuka haraka.

"Yangu, bosi. Yeye hana kosa, hata hajaingia humu."

"Sasa nitajuaje kama anaweza?" Msimamizi akazing'oa shuka zote. "Atandike upya. Neno la mwisho ni la mgeni, na mgeni ni wewe. Kaa nje."

Akakaa kibarazani, macho kwenye mpunga, masikio ndani. Mikono aliikalia, maana ilikuwa inamuwasha. Alimsikia wifi akikung'uta shuka, akisita, akikung'uta tena. Alijua amekwama wapi: kona ya ukutani. Akainuka nusu.

"Wifi," sauti ikatoka ndani, "tafadhali, usije."

Akarudi kitini, akaikalia mikono tena.

Mwishowe msimamizi alimwita. "Haya, mgeni. Umeridhika?"

Kona ya ukutani ilikuwa imelegea. Aliiona kabla hajavuka mlango. Wifi naye alikuwa anamtazama yeye, si msimamizi.

Mama Foronya akavua viatu, akajitupa kitandani mzimamzima, kona zote zikavurugika.

"Kinalalika," alisema, macho ameyafumba. "Mwajirini."

Wifi akaanza kulia. Mama Foronya alimsikia, na hakuinuka.