Punda Aliyevishwa Fulana ya Chama

Nimepiga kura tangu ujana wangu, na namshukuru Mungu kwa kila mara niliyorudi nyumbani salama. Msimu huu wa kampeni nilikwenda mnadani nikiwa na swali moja tu, tena nilitumwa. Jumuiya yetu ya sala huku Endamarariek ilitaka kujua chama kipi kina mpango na punda. Maji yako mbali, na punda ndiye anayeyaleta. Kamba za madumu zinamchubua mgongo, wezi wanamchinja porini kwa ajili ya ngozi, na hakuna anayeuliza.

Vyama viwili vilikuwa vimesimamisha magari yao ya matangazo, kila kimoja upande wake wa uwanja.

Mgombea wa kwanza alinisikiliza kwa heshima, kisha akaeleza watakavyowalinda tembo na faru, maana bila watalii Karatu italala njaa.

"Mheshimiwa, nimeuliza punda," nikasema.

"Mzee wangu, wanyama wote wamo humo."

Hawamo. Tembo anayekula mahindi yangu ana askari wa kumlinda. Punda anayeyabeba hana mtu.

Wa pili alizungumzia ng'ombe: majosho, chanjo, malisho ya wafugaji wa Ngorongoro. Nilifurahi kwa ajili ya wafugaji, kwa kuwa wamehangaika vya kutosha. Nilipotaja punda, mpambe wake akachukua kipaza sauti.

"Babu, punda hapigi kura."

Watu wakacheka.

"Kwani ng'ombe anapiga?"

Wakacheka tena, safari hii wakimcheka yeye.

Nikiwa bado nimesimama pale, nikasikia kelele upande wa wauza chumvi. Vijana wa chama cha pili walikuwa wamemvisha punda fulana ya chama cha kwanza, miguu ya mbele imepitishwa kwenye mikono ya fulana, wanamzungusha kwa fimbo. "Mgombea wao huyu! Mwoneni anavyokimbia!" Vijana wa chama cha kwanza walipofika nilidhani watamwokoa. Waliichana ile fulana, wakamvika ya wapinzani wao, nao wakaanza kuchapa. Mgambo aliyewekwa kulinda amani alikuwa akicheka.

Punda yule nilimfahamu. Ni wa jirani yangu mjane, alikuwa amemfunga pale akaenda kununua mbegu za maharage. Akaja akipenya katikati ya watu.

"Jamani, huyo ni wangu. Mnampigia nini?"

"Utani wa kampeni, mama. Usinune."

"Utani na nani? Yeye amewatania lini?"

Niliwaambia wamvue. Walimvua, maana mvi bado zina heshima kidogo, lakini fimbo ilikuwa imekwisha kufungua kidonda cha zamani begani, pale pale unapolala mzigo. Tulirudi kwa miguu polepole, yeye na mbegu zake kichwani, punda nyuma yetu bila kitu mgongoni.

Mimi ni mtu wa subira. Nimefundisha katekisimu miaka mingi, na kila mwaka nawaambia watoto kwamba amri ya kupumzika haikumsahau punda. Mungu, mwenye mambo yote ya mbingu na nchi, alipata nafasi ya kumkumbuka. Hawa wanaoomba kutuongoza hawakupata. Kwa tembo walitofautiana, kwa ng'ombe walitofautiana, kwa punda walikubaliana: wote walishika fimbo. Hasira ile sijaiungama, kwa kuwa sioni kama ni dhambi.

Tuliosha kidonda kwa maji ya chumvi kila asubuhi. Mjane akawa anabeba dumu mgongoni mwake mwenyewe, akirudi jua likiwa kali.

Siku moja, nikiwa uani kwake, mgombea wa tembo akafika na watu wake, nyumba kwa nyumba. Alisalimia vizuri, akaomba kura, kisha akaomba maji ya kunywa, maana vumbi lilikuwa jingi.

"Maji ya hapa huletwa na yule," mjane akasema, akionyesha punda chini ya mgunga. "Anaumwa. Mlimpiga mnadani."

"Si mimi, mama. Ni vijana."

"Fulana alizovishwa zilitoka kwa nani?"

Mjane aliingia ndani, akatoka na kikombe, kimejaa nusu.

"Kunywa, baba. Haya nimeyabeba mimi."

Mheshimiwa alimtazama punda kwanza, ndipo akanywa.