Mama Penseli na Barua Zilizohesabiwa Kuwa Moja

Alizaliwa Jumanne, tarehe kumi na moja Machi, mwaka 1941, katika chumba cha nyuma cha duka la mboga la baba yake, kati ya magunia ya viazi na tenga la vitunguu, kwa sababu mama yake alikataa kwenda kulala kabla mteja wa mwisho hajapimiwa. Mkunga alipofika, mtoto alikuwa ameshamtangulia kufika. Kwa kukosa kitu kingine kikavu cha kumlaza, walimlaza kwenye sahani ya shaba ya mizani, akatoka kilo tatu na robo. Wazee wa mtaa husimulia kwamba hakutoa sauti mpaka baba yake, kwa mazoea ya mkono, alipoegemeza kidole gumba kwenye ukingo wa sahani. Hapo ndipo alipolia, na hakunyamaza mpaka kidole kilipoondolewa. Aliyesimulia hayo hakuwepo, na aliyemsimulia yeye hakuwepo pia, lakini wote wawili ni watu wa sala. Lililo hakika ni kwamba tangu siku ile baba yule alipima mboga akiwa ameweka mkono wa kushoto nyuma ya mgongo, na wateja wakaongezeka.

Alikuwa na kaka mmoja tu, aliyemtangulia kuzaliwa kwa miaka miwili. Baba yao alipokaribia kufa aliwaita wote wawili, akampa kaka shamba lililo ng'ambo ya mto, akampa binti duka, akawaambia: "Mmoja apande, mmoja auze, na msitupane." Binti aliolewa na fundi baiskeli, mtu mpole ambaye hakudumu; alimwachia ujane akiwa na miaka ishirini na tisa, na baiskeli isiyopata pancha. Hawakujaliwa mtoto. Alisali misa ya kwanza kila Jumapili akiwa amekaa benchi la mwisho, maana alisema viatu vyake vina udongo na benchi la mbele ni la watu wenye viatu vya kuonekana. Hakuwa na alama yoyote ya utakatifu ambayo mtu angeiona kwa macho. Alikuwa mkali kwa wanaobonyeza nyanya bila kununua, na ukali huo hakuuacha hadi kufa.

Wito wake haukuja kwa malaika. Ulikuja kwa kijiko. Kaka yake, kama wakulima wote wa bonde lile, alikuwa ameshawishika kupanda nyanya peke yake, mwaka baada ya mwaka, kwa mbolea ya mifuko na dawa za kupulizia, kwa kuwa kampuni ya ghala kuu, mnunuzi wao mkubwa, ilitaka nyanya zote ziwe na umbo moja. Kwa misimu minne shamba lilitoa nyanya za kupigwa picha. Msimu wa saba zikaanza kunyauka. Mwaka 1974, siku ya Jumamosi, dada alivuka mto kumtembelea, akachukua kijiko cha chakula, akachimba hapa na pale kutwa nzima akitafuta nyungunyungu, asimpate hata mmoja.

"Kaka," akamwambia, "ardhi yako haina mtu ndani."

"Mdogo wangu, ardhi si hoteli," kaka akamjibu. Lakini inasemekana hakula chakula cha jioni siku ile.

Wakaanza upya. Walirudisha samadi, wakafunika udongo kwa majani makavu, wakapanda maharage baada ya mahindi na maboga baada ya maharage, kwa mbegu ambazo mama yao alikuwa amezihifadhi kwenye kibuyu juu ya jiko. Miaka mitatu ya kwanza ilikuwa jangwa lao. Karoti zilitoka zimepinda na zina miguu miwili, na dada alizipanga mbele kabisa ya duka kana kwamba ni dhahabu. Fundi viatu wa jirani, mtu wa maneno, alimuuliza karoti hizo zimepigana na nani. Akamjibu kwamba zimepigana na mawe, na zimeshinda. Fundi akanunua nusu kilo ili apate kunyamaza. Mwaka wa nne kijiko kilitoka na nyungunyungu wawili, na dada, mjane mwenye heshima zake, alionekana akicheza shambani peke yake.

Jaribu kubwa lilimfika mwaka 1986. Muswada ulipelekwa bungeni ukiwa na maneno mazuri ya usafi na maendeleo. Ndani yake mlikuwa na vifungu vitatu: kila muuza mboga awe na chumba cha baridi kikubwa kuliko duka lenyewe, kila mkulima auze kwa ghala kuu tu, na mbegu zote zitoke kwenye pakiti yenye muhuri. Kwa vifungu hivyo maduka yote madogo kumi na mawili ya barabara ile yangefungwa, na kaka mwenye karoti za miguu miwili asingekuwa na mtu wa kumuuzia. Kampuni ya ghala ilikuwa imeshamtumia ujumbe kwamba shamba lake italichukua, na mpima ardhi atakuja mara muswada utakapopita. Kaka alikubali. Alimwambia dada yake kwamba amechoka kuogelea dhidi ya maji, na kwamba marehemu baba angeelewa. Dada hakubishana naye. Aliomba tu asitie saini mpaka bunge limalize, naye akaahidi hivyo, kwa upendo zaidi kuliko kwa matumaini.

Basi akamwandikia mbunge barua. Mbunge huyo alikuwa mzaliwa wa mtaa uleule, mtoto wa mjane aliyenunua vitunguu viwili kila siku, wala si vitatu. Alipopita na msafara wake alisimama mlangoni pa duka, akamshukuru kwa barua, kisha akasema kwa adabu: "Mama, mimi nawakilisha watu elfu arobaini. Wewe ni mmoja."

Wengine wangeyachukua maneno hayo kama tusi. Yeye aliyachukua kama maelekezo. Kesho yake asubuhi alifunga penseli kwa uzi kwenye mguu wa mizani, akaweka na rundo la karatasi, na akatangaza utaratibu mpya: mboga hazipimwi mpaka barua iandikwe. Hapo ndipo alipopata jina la Mama Penseli, na jina lake la ubatizo likabaki kwenye kitabu cha parokia. Alikwenda kwa mwalimu mstaafu, akaandikiwa barua nzuri sana yenye "mheshimiwa" mara tano na "kwa unyenyekevu mkubwa" mara tatu, akaibandika ukutani, na kila mteja akainakili neno kwa neno kabla ya kupewa kabichi. Watu walinung'unika. Mmoja alisema amekuja kununua bamia, si kufanya mtihani. Lakini waliandika, maana mizani ya Mama Penseli haikuwa na kidole. Kwa majuma sita zilipatikana barua elfu moja mia mbili na kumi na mbili. Alizipakia kwenye baiskeli ya marehemu mumewe katika magunia mawili ya viazi, akazisukuma mwenyewe kilomita kumi na nne hadi ofisi ya mbunge. Mvua ilinyesha njia nzima. Yeye alilowa mpaka mifupani. Bahasha haikulowa hata moja. Haya yameandikwa kama yalivyosimuliwa.

Wiki mbili baadaye karani wa ofisi ile, mtu mwembamba aliyependa kanuni, alimwita na kumfungulia daftari la barua zilizopokelewa. Alimwonyesha mstari mmoja tu. "Kwa utaratibu wetu, mama, maneno yakiwa yaleyale ni barua moja na nakala zake," akamweleza. "Nimekuandikia moja."

Alikaa kwenye ngazi za ofisi ile muda mrefu. Waliopita walidhani amefiwa. Majuma sita, watu wote wale, penseli kumi na tisa, na kamati ya bunge ingekutana baada ya siku ishirini. Karani hakumwonea, alisoma kilichoandikwa. Jambo hili ndilo mwandishi wa maisha haya analiona kuwa kubwa kuliko mvua na bahasha: kwamba njiani kurudi hakumlaumu karani, wala mbunge, wala mwalimu mstaafu. Alifika dukani, akaibandua barua nzuri ukutani, akasimama mbele ya wateja wake waliojaa mpaka barabarani, akasema: "Nimewakosea. Niliwapa maneno yangu, nikawanyima yenu."

Tangu siku hiyo hakumwambia mtu aandike nini. Aliuliza swali moja tu huku akipima: jana ulikula nini, na kilitoka wapi? Ulichojibu, ndicho ulichoandika. Asiyejua kuandika alisema, naye akamwandikia bila kurekebisha. Mshonaji aliandika kwamba alikula maharage, na anamjua aliyeyapanda, na anamjua hata punda wake. Dereva wa lori aliandika kwamba alikula nyanya za ghala na zilikuwa na ladha ya lori. Fundi viatu aliandika kurasa nne kuhusu mama mkwe wake, na mwishoni kabisa akataja mchicha. Na yule mjane wa vitunguu viwili alinong'ona barua yake akiwa ameinamia sahani ya mizani, kwa sababu hakutaka wengine wasikie. Mama Penseli akaiandika, akaikunja, asimweleze mtu.

Safari hii hapakuwa na nakala. Kanuni ileile iliyozimeza barua za kwanza iligeuka ikambana karani: kila barua yenye maneno yake ni barua, na kila barua lazima isomwe, iandikwe daftarini, ijibiwe. Zilikuwa mia tisa na sita. Siku ya tisa karani alionekana dukani, macho mekundu, akaomba kilo ya maharage yale ya mshonaji. Alisema hawezi tena kusoma habari zake bila kuyala. Mama Penseli hakumpimia mpaka naye alipoandika.

Siku ya kamati alikwenda na kaka yake, ambaye alikaa karibu na mlango. Mwenyekiti alimwita mbele aseme neno. Alisimama, akasema kwamba watu wameshasema, yeye amekuja kusikiliza wakisomwa. Ikasomwa ya mshonaji, ikasomwa ya dereva, wajumbe wakacheka. Kisha mbunge akafungua bahasha iliyofuata, akasoma kwa sauti yake nzuri ya jukwaani: "Jana nilikula kitunguu kimoja na viazi kutoka duka la Penseli, ninakoweza kufika kwa miguu yangu. Kitunguu cha pili huwa ni cha mwanangu akija. Tangu achaguliwe hajaja. Duka likifungwa, sitakuwa na mahali pa kukinunua kitunguu chake." Alisoma mpaka neno la mwisho ndipo akalitambua jina la chini. Alikunja karatasi, akaiweka kwenye mfuko wa ndani wa koti, akaomba dakika tano.

Vifungu viwili vilifutwa mchana ule: maduka madogo yakaachwa yalivyo, na mkulima akaruhusiwa kumuuzia anayemtaka. Kifungu cha mbegu kilipita. Haifai kuficha hilo, ingawa wasimulizi wengi huliruka ili hadithi iwe tamu. Kaka alitoka nje, akamkuta mpima ardhi akisubiri kwenye gari, akamwambia aondoke na kamba zake. Na jioni hiyo hiyo mbunge alionekana akila viazi nyumbani kwa mama yake, akiwa amevua koti.

Mama Penseli aliishi miaka kumi na mmoja zaidi, na miaka yote hiyo penseli haikufunguliwa kwenye mizani. Alidai kifungu cha mbegu kirudi kamatini. Walipomwambia apumzike kwa kuwa duka limepona, alisema duka bila mbegu ni chungu bila maji. Alifariki tarehe mbili Oktoba, 1997, saa tatu asubuhi, akiwa amesimama mbele ya mizani na kitunguu mkononi. Neno lake la mwisho alimwambia mteja aliyedai hana la kuandika. "Umekula, siyo?" akamuuliza. "Basi unalo."

Maajabu yake ni mengi, nami nataja machache ili nisionekane mwongo. Kuna boga lililokaa dirishani mwa duka bila kuoza. Wengine wanasema miaka saba, mimi nasema miwili. Kuna nyungunyungu, ambao sasa kijiko kimoja hutoka nao wanane. Na kuna penseli isiyokwisha. Wenye shaka husema si muujiza, ni kaka yake ndiye huweka mpya kila ya zamani ikifika kidole kimoja. Sawa. Na nani amewaambia kwamba mkono wa kaka hauwezi kufanya kazi ya Mungu?

Kaka huyo maisha yake yote alisema yeye analima, haandiki. Katika barua zote za dada yake, mia tisa na sita na zilizofuata, hapakuwa na yake. Siku arobaini baada ya mazishi alikuja dukani na kisu cha kukatia kabichi, akaichonga penseli kwa utulivu, akaandika akiwa amesimama, kwa herufi kubwa kama za mtoto: "Jana nilikula maharage. Mbegu ni za mama yetu. Naomba kuzipanda bila kujificha." Akaipima barua kwenye mizani, kwa mazoea, kisha akaipeleka mwenyewe kwa baiskeli.

Waamini huuliza wamheshimu vipi. Hajatangazwa mtakatifu, na huenda hatatangazwa katika siku zetu; usiwashe mshumaa dukani, utayeyusha siagi ya watu. Fanya alichofanya. Nunua kwa jirani unayemjua, uliza chakula kilikopandwa, kisha mwandikie mbunge wako, kwa maneno yako na si ya jirani, hata kama yatamhusu mama mkwe. Mjane hakuwa na hoja, alikuwa na kitunguu.

Barua ya kaka bado haijajibiwa. Kifungu cha mbegu kimepangiwa tena mbele ya kamati mwaka huu. Penseli ipo kwenye uzi wake, na imechongwa.