Siku Lori la Mosocho Lilipowahi

Babu yangu Ondieki alikuwa askari kanga, wale askari wa utawala waliotumwa vijijini kukusanya watu wa kazi ya barabara na kuwakamata wapika pombe. Alikuwa mtu wa miraba minne, sauti nene, na moyo laini kupita kiasi kinachomfaa askari. Akienda kumkamata mpika pombe alikuwa anaanza kukohoa akiwa bado mbali, ili mitungi ipate kufichwa. Watu wa Manga, kwetu katika milima ya Kisii, walimpenda kwa hilo. Mimi pia nampenda, lakini nikifikiria ulaini wake huwa nakasirika, maana huo ndio uliomponza.

Mwaka wa 1937 serikali ilimletea mgeni wa kulinda. Alikuwa Mwarabu wa pwani, Liwali Humeid bin Seif, aliyetawala mji mmoja mdogo upande wa Lamu kwa niaba ya Sultani wa Unguja. Ukanda wa pwani wakati huo ulikuwa mali ya Sultani. Mwingereza aliukodi tu, akautawala akiwatumia maliwali kama huyu. Mambo yalikwenda vizuri mpaka DC wa huko, mkuu wa wilaya, alipotaka watu wahamishwe kwenye mashamba yao ya minazi, na Liwali atie sahihi kwamba wamekubali wenyewe. Liwali akakataa. "Sultani amewakodisha pwani," alimwambia. "Hakuwakodisha watu waliomo."

Kumfunga mtu wa Sultani kungezua maneno Unguja, kwa hiyo wakubwa wakatafuta njia ya adabu. Walisema Liwali amechoka na anahitaji hewa ya milimani. Hewa yenyewe ikaonekana iko Manga, mahali ambapo hakuna aliyemjua wala aliyeweza kuongea naye vizuri. Hapo ndipo utawajua wakoloni: hata kumfukuza mtu kwao walikufanya kuonekane kama matibabu.

Alipewa nyumba ya mabati ya serikali karibu na ukingo wa mlima, na babu na nyanya wakapewa kibanda cha nyuma. Babu alimlinda, nyanya Mong'ina alimpikia. Kila mwisho wa mwezi babu aliteremka Kisii kumweleza DC wetu mgeni amesema nini. Kila mwezi babu aliripoti kwamba mgeni amesema baridi ni kali. DC alichoka kuuliza.

Nyanya alinihadithia siku zile za mwanzo akicheka. Liwali alimchinja kuku mwenyewe na kumsomea dua, na nyanya, aliyekuwa Msabato mpya mwenye bidii, alifurahi kuona kwamba huyu naye hagusi nguruwe. Kahawa ndiyo iliyomshinda nyanya. Wazee wetu walikuwa wameanza kuruhusiwa kupanda mibuni, lakini hakuna aliyeinywa. Ilikuwa ya kupeleka kiwandani tu. Liwali akaomba konzi moja ya buni, akazikaanga mpaka zikawa nyeusi. Nyanya akadhani zimemuungulia, akamwonea huruma, akamletea nyingine. Babu ndiye aliyekunywa. Hakuipenda kamwe, lakini aliinywa kila asubuhi kwa miaka miwili, kwa sababu mzee yule hakuwa na mwingine wa kunywa naye.

Hivyo ndivyo walivyozoeana. Liwali alimwita "mwanangu". Alimfundisha Kiswahili cha pwani, na babu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kile cha barabarani cha wewe kuja, mimi kwenda, akajifunza kusema shikamoo na kuitikiwa marahaba.

Alasiri walikaa juu ya jabali kwenye ukingo wa mlima. Kutoka pale unaona nchi yote ya chini mpaka ziwani, na barabara ya Kisumu ikipita katikati. Kisumu ndiko kulikokuwa na treni, na treni ndiyo ingemfikisha Mombasa. Siku za soko, lori la Mhindi mmoja liliondoka Mosocho jua likianza kuinama, na Liwali alilisubiri lipite. Alilijua kwa vumbi lake. Likishapita, ndipo alipomtaja mama yake. Liwali ndiye aliyekuwa mtoto wake wa pekee. Bibi mwenyewe alikuwa mzee sana, haoni tena, na siku ya kuagana alimpapasa uso akamwambia atajitahidi asife mpaka arudi.

Kuhusu minazi na sahihi hakuomba chochote. DC wetu alikuja mara mbili kumshawishi: akubali, arudi kwao na cheo chake. Liwali alimpa kahawa na kumkatalia. Alichoomba kilikuwa kimoja tu, aruhusiwe kumwona mama yake hata kwa siku chache, kisha arudishwe Manga akitakiwa. Jibu halikuja mpaka vita vya Hitler vilipoanza.

Siku ilipokuja, babu alikuwa Kisii, ameitwa kusaidia kuandikisha vijana wa jeshi. Asubuhi mapema DC alimtoa mstarini. Simu ilikuwa imefika kutoka Mombasa.

"Ondieki, kwenda pesi," DC alisema. "Ambia Liwali mama yake gonjwa sana, karibu kufa. Lori ya Mosocho ondoka leo. Yeye panda leo. Mimi nimepata ruhusa ya leo. Kesho hapana."

Babu alielewa kila neno. Watu wanaosema hakuelewa wanamwonea huruma ambayo yeye mwenyewe hakuitaka. Alikimbia. Alifika Manga jua likiwa utosini, na kutoka Manga kwenda Mosocho kwa miguu ni mteremko. Wangefika lori halijajaza mizigo.

Sasa nieleze kitu ambacho mgeni hawezi kukijua. Kwetu Abagusii, habari ya kifo au ya ugonjwa wa kufisha haimwagwi mbele ya mtu mwenye njaa. Mtu husalimiwa, huulizwa habari za ng'ombe na za shamba, huletewa chakula akala akashiba, halafu mtu mzima humkalia karibu, ndipo aambiwe. Tunaamini tumbo tupu haliwezi kubeba habari kama hiyo. Mtu anaweza kuanguka, na aliyeileta ndiye atakayelaumiwa.

Babu akaingia jikoni akamweleza nyanya kwa sauti ya chini.

"Mwambie sasa," nyanya alisema.

"Mpe chakula kwanza. Akila tu, namwambia, tunaondoka."

Nyanya akapakua ndizi haraka, akapeleka. Liwali alikuwa juu ya jabali lake. Akainua mkono kwa upole. "Mungu akubariki, mwanangu, lakini leo nimefunga. Mwezi umeandama jana, nimeuona mwenyewe hapa. Nitakula jua likizama."

Ilikuwa siku ya kwanza ya Ramadhani na babu, aliyekuwa Kisii, hakuwa na habari. Alisimama pale akiwa na maneno ya DC mdomoni. Angeyatema hapo hapo, hadithi hii isingekuwepo. Badala yake alimwambia Liwali anakwenda kumsalimia baba yake mara moja, akashuka mbio kumtafuta mzee Nyamweya, baba yake mzazi, aje aamue.

Nyamweya alikuja na fimbo yake, pole pole kama wazee wanavyotembea wasipoona sababu ya kukimbia. Walisimama nyuma ya nyumba, nyanya akiwa mlangoni mwa jiko na chungu mkononi. Alisikia yote.

"Tata," babu alimwambia baba yake, "lori linaondoka leo."

"Na huyu hajala," mzee alijibu. "Unataka kumwambia mtu habari ya mama yake akiwa na njaa, ugenini, bila ndugu? Aanguke hapa kwako? Jua likizama atakula, nitamwambia mimi. Malori hayaishi."

"DC amesema leo."

"DC ana mama hapa?"

Kwetu mwana mzima hapingani na baba yake, kuna heshima kati yao ambayo ni nzito kuliko amri ya DC. Na nyanya, mke wa mwana, ndiye aliyebanwa zaidi. Hata kumtazama baba mkwe usoni hakuruhusiwa, seuze kumkosoa. Alirudi ndani na chungu chake. Aliniambia alikiweka juu ya moto ambao ulikuwa umezimika, akakaa akikikoroga.

Basi wakaenda wote wawili, babu na baba yake, wakakaa na Liwali kwenye jabali kungoja jua. Mazungumzo yakawa ya ng'ombe. Liwali alifurahi kuona mzee wa watu amekuja kumtembelea, akamuuliza habari za miguu yake, naye Nyamweya akajibu kwa Ekegusii na babu akatafsiri. Jua lilikuwa bado halijaanza kuinama. Huko chini, upande wa Mosocho, vumbi likainuka.

Liwali ndiye aliyeliona kwanza. Akanyoosha kidole.

"Lori la Mosocho lile," alisema. "Leo limewahi."

Babu alilitazama lori likipungua mpaka likapotea. Nimejaribu mara nyingi kumtetea babu yangu kichwani mwangu, nikamtwika lawama Nyamweya, nikaitwika mila, nikamtwika Mwingereza aliyempeleka mtu wa pwani kuishi kwenye baridi. Wote wanastahili sehemu yao. Lakini nikifika kwenye dakika ile ya vumbi nashindwa. Hata hapo wangeweza kukimbia, lori likasimamishwa njiani. Nyanya alikuwa na wazo lake, na alilisema mbele ya babu bila yeye kukana: kwamba Ondieki alimpenda yule mzee, na alijua akipanda lori hatarudi tena kunywa naye kahawa. Mimi naamini nyanya. Nasikitika kuamini, lakini naamini.

Jua lilizama. Liwali alifungua saumu kwa uji wa wimbi, akala ndizi, akamsifu nyanya. Ndipo Nyamweya akamsogelea, akamshika goti, akasema polepole, na babu akatafsiri. Alitafsiri yote, pamoja na maneno ya DC kuhusu lori.

Liwali hakuanguka. Aliuliza jambo moja tu. "Ulijua tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi, Liwali. Sisi hapana ambia mtu habari kama hii na njaa."

Kwa woga Kiswahili chake cha zamani kilikuwa kimerudi.

"Mimi nilifunga kwa hiari yangu," Liwali alisema. "Ningefunga mpaka Mombasa." Halafu akainuka kwenda kuswali.

Alfajiri babu alikimbia Kisii kumwangukia DC. Ruhusa ilikuwa imekwisha; wakubwa wa Nairobi walitaka malori na treni ziwe za askari. Kabla mwezi ule wa Ramadhani haujaisha, simu nyingine ikaja. Safari hii babu alimwambia akiwa amesimama, kabla hata ya salamu. Liwali alisema amesikia, akashukuru.

Alikaa Manga mwaka mmoja na kitu zaidi. Alikula chakula cha nyanya, aliuliza habari za watoto, hakumkosea mtu adabu. Lakini kahawa aliinywa peke yake. Alipoachiliwa arudi kwao, bila cheo, babu alimbebea sanduku mpaka Mosocho, nyanya akifuata. Lori lilipowashwa, mzee alimpa nyanya mkono na kumwombea dua ndefu. Kisha akamgeukia babu.

"Kwaheri, askari," alisema.

Miaka miwili ya "mwanangu", na mwisho wake ukawa huo. Babu aliacha kazi mwaka uleule. Alisema magoti yanamsumbua.

Nyumbani kwetu alibadilisha kitu kimoja. Aliagiza kwamba kwake habari mbaya isisubiri chakula. Isemwe mlangoni, hata kama mtu ana tonge mdomoni. Majirani walituona watu wa ajabu, wasio na huruma. Tulipofiwa, watu walinong'ona kwamba kwa Ondieki wanakupiga na msiba kama wanakupiga na rungu. Hakujieleza kwa yeyote.

Mwaka wa 1956 nyanya alilazwa Kisii. Mimi nilikuwa msichana wa shule, ndiye niliyekaa naye. Asubuhi moja muuguzi alituambia hali imekuwa mbaya, na mjomba wangu Abner akaenda Manga mbio kumwita babu. Alimkuta ndiyo kwanza ananawa mikono, ugali uko mezani. Abner alisimama mlangoni, akasema kama alivyofundishwa.

Babu alifika kwa miguu, mzee yule, matope mpaka magotini, akipumua kwa shida. Nyanya alifumbua macho akamtazama.

"Umekula?" alimuuliza.

"Sijala."

"Umetembea na njaa kutoka Manga?"

"Nimetembea nayo."

Nyanya akasema, bila hasira hata kidogo, "Hata Liwali angefika."

Babu aliinamisha kichwa kwenye ukingo wa kitanda akalia. Sikuwahi kumwona akilia, na sikujua niangalie wapi. Nyanya akamwekea mkono kichwani, na hakuutoa mpaka alipofariki kesho yake asubuhi.