Majani Chini ya Mabati

Juzi nilikuwa Kakuma kwa binti yangu, nikaona kwenye simu kitu kilichonirudisha utotoni mzima mzima. Jirani yake, mama wa Sudan Kusini anayeuza unga na sukari kambini, alikuja mbio, simu ya video ikiwa wazi mkononi. "Dada yangu, njoo uone, wanamwagia mjukuu wangu takataka!" Mwanawe amehamia nchi ya barafu, ana mtoto mchanga, na nyumba yao ilikuwa inapoteza joto kwa juu, kichanga kinalala na kofia mbili. Sasa mafundi wamekuja. Nikaona mtu darini na bomba nene kama chatu, linatapika magazeti yaliyosagwa, laini kama manyoya. Nikasogea karibu na ile simu. Nimewahi kulala darini hivyo hivyo, na mtoto mchanga chini yangu.

Kaa vizuri nikwambie.

Nilikulia Lodwar, karibu na mto, wakati mji ni maduka machache na vumbi. Kwetu mwanamke ndiye hujenga. Mwanamume azungushe boma la miiba, basi. Bibi yangu alijenga akai, ile nyumba ya mviringo ya kulala, kwa majani ya mkoma, ule mti kama mnazi unaoota mtoni, na hakuacha tundu la mjusi kupita. Ukiingia mchana ngozi inapumzika. Inanuka moshi, maziwa na mafuta ya kondoo. "Nyumba yangu ni sketi yangu ya ngozi," alikuwa anasema. "Hakuna mwanamume atanishonea."

Halafu baba, aliyekuwa askari wa mlangoni katika ofisi fulani mjini, akanunua mabati. Akaleta fundi kutoka Kenya. Ndivyo tulivyosema sisi wa kaskazini, kama vile tuko nchi nyingine. Kuta za udongo, dirisha dogo la mbao, dari la mikeka juu ya boriti, na mabati yanayometameta mpaka ng'ambo ya mto. Bibi hakuulizwa. Akaapa hataukanyaga mlango ule. "Mimi si nyama," akasema, "siingii kwenye sufuria."

Mama akajifungulia humo, kiangazi kikali. Mvulana, mdogo kama sungura. Na kwetu mama akishajifungua hatoki nje, wala mtoto hatolewi, mpaka kitovu kianguke. Hata uchome nyumba, hatoki.

Jua lilipopanda, mabati yakaanza kulia, ta, ta, ta, yakijinyoosha kwa joto. Mama alikuwa amelowa jasho. Mtoto aliacha kunyonya. Akalia kwa sauti nyembamba kama uzi, kisha hata huo uzi ukakatika.

Bibi alikisikia kile kimya akiwa kivulini kwake. Akainuka, akaingia nyumba aliyoapa hataikanyaga. Akamgusa mtoto utosini, akatoka. "Leteni majani yote. Yachaneni membamba."

Wanawake wa boma wakakaa chini na visu, wakachana mkoma mpaka rundo likawa laini kama manyoya ya mbuzi. Nani ataingia juu? Kati ya ukuta na mabati kulikuwa na ufa, uliomtosha mtu mmoja tu pale bomani, mimi, mwembamba kama fito. Baba akainama mbele ya watu nimpande mgongoni. Jirani mmoja akamsalimu kwa kicheko, "Ejok, askari! Leo umekuwa ngazi?" Baba akazidi kuinama.

Juu kule hakukaliki. Mabati yalikuwa shubiri moja juu ya kichwa, ukiinua shingo unaungua. Alama ninayo nyuma ya sikio mpaka leo. Nikatambaa juu ya boriti, nasukuma majani, nayatandaza, nameza vumbi. Bibi anapiga kelele kutoka nje, "Jaza mpaka kwenye kona! Usiache tundu!" Nikajaza. Kila mahali ukuta unapokutana na mabati nikaziba, kama akai inavyozibwa, na nilipotoka bibi akaziba hata pale nilipopitia.

Nilikuwa najivuna. Ndipo mama akaita kutoka ndani, sauti ambayo sijapata kuisikia tena: "Amelegea! Joto limezidi!"

Bibi akaweka kiganja pale ukingoni, akakiacha. Sikuwahi kumwona ameogopa ila siku hiyo. "Nimeinyonga," akasema.

Akai unaweza kuiziba kote, kwa sababu majani yenyewe yanapumua. Mabati hayapumui. Ule ufa ndio ulikuwa pua ya nyumba, na sisi tulikuwa tumeishika tukaibana.

"Rudi juu! Fungua kando zote, majani yabaki katikati!"

Safari hii baba alikuwa ameshainama. Nikakwaruza kwa kucha na viwiko. Bibi akanirushia vikapu vyake vikuukuu, nikavisimamisha kandokando vizuie majani yasiporomokee ufani. Upepo wa mto ukaingia upande huu, ukanipita mgongoni, ukatokea upande ule. Nikalala palepale kwenye boriti, nasikiliza chini. Kimya. Nikaendelea kusikiliza. Halafu kitu kama paka mwenye hasira. Halafu mtoto ananyonya, kwa pupa, kama mwizi.

Kwa hiyo pale Kakuma nilimnyang'anya jirani simu. "Mwanangu, wameacha pua?"

"Pua gani, mama?"

"Kando! Paa linapokutana na ukuta, upepo unapita?"

Mwanawe akageuza simu kule kwake. Fundi alikuwa ameshapanga vipande vya katoni ngumu ukingoni kote, vimesimama kama vikapu vya bibi. Nikakaa chini. Jirani akanishika mkono, "Ni mbaya?" Nikamwambia, "Mjukuu wako atalala."

Ile nyumba ya Lodwar haipo. Yule sungura, mdogo wangu, ambaye sasa ana tumbo na fimbo, aliibomoa akajenga vyumba vya kupangisha, mabati matupu, juu hakuna jani hata moja. Wanawake waliochana mkoma tumewazika. Mikoma ya mtoni inapungua. Nikirekebisha akai yangu nyuma ya plot yake ya vyumba naita wajukuu wanisaidie, wanakuja na simu, wananipiga picha, wanaenda.

Lakini jua likifika utosini, mwenye vyumba anakuja. Anainama mlangoni kwangu, anajitupa kwenye ngozi, analala bila hata kuomba. Nakaa pale mlangoni, nasikiliza anavyopumua.