Simu Isiyojua Mkwe

Mama alinipa muda hadi siku ya kupura ndengu zake. Nilikuwa nimerudi Kyuso na laptopu yangu, nimeamua kutengeneza programu za simu nikiwa nyumbani, na yeye, aliyenisomesha kwa mbuzi na ndengu, hakuona kazi hapo. Aliona msichana mzima ameketi kivulini akigusagusa vitufe huku wenzake wakipalilia. Mjomba alikuwa ameshanitafutia nafasi katika ofisi moja Nairobi.

"App yako ikisaidia mwethya, kaa," Mama akaniambia. "Isiposaidia, Jumatatu asubuhi tunakusindikiza steji."

Mwethya ni kikundi chetu cha kusaidiana: leo shamba la huyu, kesho la yule, na mwenye shamba anapika. Ubaya wake ni kwamba marafiki walichaguana, wakajipanga pamoja, na umbea ukaenda mbio kuliko kazi. Mwenyekiti wetu, mama mmoja wa sauti nene, kila alipojaribu kuwatenganisha aliambiwa anapendelea. Basi nikatengeneza programu ya kuwagawa wawili wawili. Simu zilisalimiana zenyewe zikiwa karibu, bila bando wala mtandao, maana kwetu mtandao huja ukipenda. Wasio na simu kubwa niliwaingiza katika simu za wenzao.

"Simu haina shangazi wala binamu," nikawatangazia siku ya kupura ilipofika, kifua mbele. "Itawagawa kwa haki."

Wakanipigia makofi. Turubai zilikuwa zimetandikwa uani, maganda makavu yamerundikwa juu yake, na fimbo zimeegemezwa ukutani. Nikabonyeza. Simu zikalia zote kwa pamoja na watu wakaanza kutafutana kwa vicheko. Ghafla vicheko vikakatika upande wa jikoni.

Programu yangu ilikuwa imemweka Mama turubai moja na mume wa dada yangu.

Kwetu mama mkwe na mkwewe hawakaribiani hivyo. Wakikutana njiani mmoja humpisha mwenzake, na hawaketi ana kwa ana. Tunaiita nthoni, na ni heshima, si chuki. Sasa, kupura ndengu ni kusimama mkitazamana, fimbo juu, leso kiunoni, jasho likitiririka. Mama alijifunika uso akaingia jikoni. Shemeji yangu, pandikizi la mtu, alikuwa tayari nyuma ya tangi la maji, amechuchumaa, na kofia yake inaonekana kwa kila mtu.

Nilitamani ardhi inimeze. Si kwamba sikuijua nthoni, nimekua nayo. Lakini hakuna aliyewahi kuniketisha akanifundisha, kwa hivyo haikunijia hata kidogo kwamba simu lazima iambiwe. Nikaiona ile ofisi ya Nairobi na kiti chake kinachozunguka, na moyo ukaniuma kweli.

Mwenyekiti akaja akasimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Aiya! Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hii simu ni wewe uliilea bila adabu. Haya, ifunze."

Uani kukalipuka kicheko. Nikaketi juu ya gunia, laptopu mapajani, nao wakanizunguka, kila mmoja akinieleza asiyeweza kuwekwa naye. Mke wa fulani na baba mkwe wake. Fulani na mama wa mke wake. Nilikuwa nikiandika haraka kuliko nilivyowahi kuandika chuoni. Kisha akaja mama mmoja akanionyesha kwa kidole kiongozi wa kwaya.

"Mimi niwekee nthoni na huyo."

"Kwani ni mkwe wako?"

"Hapana. Lakini ataniimbisha mpaka jioni, na sauti yangu ni ya Jumapili tu."

Mzee mwingine akataka awekewe nthoni na fimbo yenyewe. Nikacheka mpaka machozi yakadondokea vitufe. Tangu hapo, mtu akijiunga, programu yangu humuuliza kwanza: Unampisha nani njiani? Nilipomaliza tukaipitisha simu kwa simu, kama majirani wanavyoombana moto, hadi kila mmoja akawa nayo.

Nikabonyeza tena. Simu zikalia. Shemeji alipewa kiongozi wa kwaya, akatoka nyuma ya tangi akipangusa magoti, na wimbo ukaanza kabla hajaokota fimbo. Watu wakaenda kwenye turubai zao na hakuna aliyenung'unika. Mimi sikusogea. Nilikuwa nautazama mlango wa jikoni.

Mama akatoka, simu ameishika mbali na macho kama kawaida yake, akisoma polepole. Akasoma tena. Alikuwa amepewa mimi.

Akachukua fimbo mbili ukutani, akanirushia moja.

"Funga hiyo leso vizuri," akasema. "Na umpigie mjomba wako umwambie asante. Jumatatu tunapura kwa jirani, na hiyo simu haiwezi kwenda peke yake."