Shamari Jikoni kwa Nkasiogi

Elinaza alijifungua mtoto wa kike mwaka ule wa mvua nyingi, enzi Mjerumani ameshajenga boma lake Arusha na kuanza kugawa mashamba kana kwamba ni ya babu yake. Alikuwa akiishi kwa mama mkwe, juu ya Makumira, katikati ya migomba, na pale nyumbani mzazi hakugusa moto miezi mitatu. Alikula alichopikiwa na mama mkwe, akanywa alichopewa, basi. Raha tupu, utasema. Subiri kwanza.

Mama mkwe mwenyewe alikuwa Nkasiogi, mwanamke mrefu, mkali, mwenye mikono isiyojua kutulia. Asubuhi na jioni alimpikia mkamwana wake ndizi kwa mafuta ya ng'ombe, akamkorogea maziwa na damu, kibuyu kikajaa pomoni. Chakula cha heshima hicho, wala si kila mzazi alikipata. Lakini Elinaza kila akimeza, kinarudi. Wiki ya tatu maziwa yalikuwa yameanza kumkauka, na mtoto alilia mpaka sauti ikamwisha. Mama asipokula, mtoto atanyonya nini? Kila mtu pale nyumbani alilijua hilo, na hakuna aliyethubutu kulitamka.

Sasa, Elinaza hakulelewa kwenye migomba. Njaa ilimmalizia wazazi angali mdogo, akakulia misheni, akilala chumba cha nyuma ya jiko. Na alipokuwa amelala hoi pale kwa Nkasiogi, ni lile jiko alilokuwa akiliwaza. Mke wa mchungaji alipanda bustanini mboga ya kwao Ulaya, vibonge vyeupe vinavyokaa juu ya udongo, majani yake membamba kama manyoya. Mpishi, mtu wa Pangani, aliinusa akasema hii ni shamari, akaendelea kuiita hivyo hata walipomkatalia. Kila Jumamosi waliikata vipande, wakaipaka siagi, wakaioka hadi kingo zikawa nyekundunyekundu. Harufu ile, jamani. Ilijaa nyumba nzima, ikamfuata Elinaza mpaka ndani ya blanketi. Aliikumbuka sasa hadi machozi yakamtoka, akajionea aibu, mtu mzima na mtoto wake mkononi.

Siku ya soko mumewe, Sumari, hakuwepo. Elinaza akajikaza. "Mama," alisema, "nina hamu ya shamari ya kuchoma. Ile ya misheni."

Nkasiogi aliweka kibuyu chini polepole. "Chakula changu kimekushinda."

"Sivyo, Mama."

"Ndivyo. Umesema vizuri tu, nimekusikia."

Unajua ni tusi la namna gani hilo? Mkwe anakutolea damu ya dume lake, wewe unaulizia majani ya Wazungu. Isitoshe, Nkasiogi alikuwa amekula kiapo kwamba miguu yake haitakanyaga misheni, tangu walipombatiza mwanawe wakamwita Thomasi. Mama mtu aliligomea jina hilo kabisa. Kwake alibaki Sumari. Basi siku mbili nzima hakusema na mkamwana wake. Alipika, akaweka, akaondoka. Mtoto naye alikuwa ameacha hata kulia, na ukimya wake ulitisha kuliko kelele.

Siku ya tatu Nkasiogi alitoka alfajiri bila kuaga. Alirudi jua limeinama, matope mpaka magotini, na mgongoni ana mzigo wa shamari na majani yake yote. Hakueleza alikokwenda, na Elinaza hakuwa mjinga wa kuuliza. Baadaye sana mpishi alisimulia kwamba bibi yule alisimama mlangoni pa jiko, akaonyesha bustanini kwa kidole, na alipoanza kuelekezwa habari za siagi na vipande akamkata kauli: alikuwa akichoma ndizi kabla mpishi hajaota meno.

Na kweli aliichoma kama ndizi. Hakuosha, hakukata, hakuondoa chochote. Aliivumbika nzimanzima kwenye majivu ya moto, majani yakashika moto yakanuka nywele zilizoungua. Elinaza alitazama kutoka kitandani, roho ikimuuma, maana siku zote zile alikuwa akiota kingo nyekundu na siagi. Vibonge vilitoka vyeusi. Nkasiogi alivibandua ganda kwa kucha, tabaka baada ya tabaka, hadi akafika ndani, kweupe, laini, kukitoa mvuke. Akampa kipande.

Kilikuwa na majivu, hakikuwa na chumvi. Elinaza alikitafuna, akameza, akangoja kirudi. Hakikurudi. Akala cha pili. Maziwa hayakuja jioni ile, nisikudanganye. Yalichukua siku nne, na mizigo mingine miwili ya shamari ya kufuatwa kwa miguu. Lakini yalikuja, na mtoto akaanza tena kulia kwa nguvu zake zote. Uzeeni, Elinaza alipenda zaidi kusimulia waliyosemezana jioni ile ya kwanza, kipande cha tatu kikiwa bado mkononi.

"Huko misheni," Nkasiogi aliuliza, "nani alikuwa anakuchomea?"

"Hakuna, Mama. Waliniachia vipande vibichi vilivyobaki, nikajichomea mwenyewe."

Nkasiogi akamnyang'anya kile kipande, akakipuliza kikapoa, akakimega.

"Haya," akasema, "fungua mdomo."